Bodi ya TEHAMA inapitisha kila kinacholetwa mezani. Nianze kukaza wapi?

KatibuMpya ameandika:

Wakuu, salaam.

Miezi saba iliyopita nilihamishwa kutoka kitengo cha mipango, nikawa katibu wa bodi inayosimamia uwekezaji wa TEHAMA katika taasisi zote za serikali yetu, 23 kwa hesabu ya jana. Barua ya uteuzi ilisema bodi inahakikisha thamani ya fedha, inazuia marudio ya mifumo na inafuatilia utekelezaji. Niliisoma nikafurahi. Sasa nimekaa vikao vitatu na furaha imekwisha.

Hesabu yangu ni hii: vikao vitatu, maandiko ya miradi 41, yaliyopitishwa 41. Manne kati ya hayo yalipita "kwa masharti". Nilipotafuta masharti hayo ili nianze kuyafuatilia, nikakuta sentensi moja tu: taasisi izingatie maoni ya wajumbe. Maoni yapi? Hayakuandikwa popote.

Kikao cha mwisho kilikuwa na miradi 17 kwa saa tatu. Toa dakika ishirini za ufunguzi na kuthibitisha muhtasari uliopita, toa robo saa mwenyekiti alipotoka kupokea simu, kila mradi ukabaki na dakika nane na nusu. Msimamizi anaonyesha slaidi, mjumbe mmoja anauliza usalama wa data ukoje, anajibiwa kwamba "umezingatiwa", tunasonga mbele. Kabrasha la kurasa mia sita na ushee liliwafikia wajumbe usiku wa kuamkia kikao. Mimi nililisoma lote, lakini mimi sina kura.

Kilichoninyima usingizi ni hiki. Nikiwa naandika muhtasari, nikaona mradi namba 5 na mradi namba 14 ni kitu kilekile. Taasisi mbili, kila moja inanunua mfumo wake wa kutunza majalada ya watumishi. Aya ya utangulizi imenakiliwa neno kwa neno, pamoja na kosa la tahajia kwenye neno "ufanisi". Zote mbili tumezipitisha siku moja, chumba kimoja, wajumbe walewale.

Mwongozo ninao, msinielekeze huko. Namtaka mtu aliyewahi kukalia kiti hiki au kuletwa mbele yake. Nipunguze miradi inayofika mezani? Nibadilishe fomu? Nimwendee mwenyekiti? Na je, kuna bodi popote iliyowahi kusema hapana ikasikilizwa?

---

MkuuWaKitengo amejibu:

Mimi ni wa upande wa pili wa meza, naongoza TEHAMA kwenye taasisi, kwa hiyo pokea hili kama ungamo.

Mwaka juzi tulikuwa na mradi mmoja uliozidi kiwango cha gharama ambacho lazima kipelekwe kwenye bodi. Tukaugawa vipande vitatu: vifaa peke yake, leseni peke yake, ushauri elekezi peke yake. Kila kipande kikawa chini ya kiwango, hatukufika kwenu. Hatukuwa tunaficha wizi. Bodi inakaa mara moja kwa robo mwaka. Ukikosa kikao cha mwezi huu, ukaambiwa urekebishe andiko, mwaka wa fedha unafungwa na kasma, yaani fungu la bajeti, inarudi hazina. Nani atakayeniuliza? Bosi wangu, si bodi.

Halafu fomu yenu. Ya kwetu ina kurasa 38 na inauliza gharama ya mradi sehemu nne tofauti. Kuna mwaka nilijaza tarakimu tofauti kwenye sehemu mbili, kosa langu, nimeligundua miezi baadaye. Mradi ulipita. Tangu siku hiyo namwachia kijana wa mazoezi kazini ajaze, mimi natia saini.

Kwa hiyo ukikaza, kaza kwa namna ambayo kufika kwenu kutakuwa na faida kwangu. Vinginevyo tutazidi kuwa mafundi wa kugawa.

---

MzeeWaDokezo amejibu:

Mdogo wangu, pole na hongera. Pole kwa sababu kiti hicho nimekikalia miaka tisa kabla ya kustaafu na najua kinavyouma. Hongera kwa kuwa umehesabu. Mimi ilinichukua miaka miwili kuhesabu, na nilipomaliza nikakuta tumekataa mradi mmoja tu, tena wa taasisi ambayo mkurugenzi wake alikuwa amegombana na mwenyekiti.

Nikujibu la mwisho kwanza. Ndiyo, miradi mikubwa imewahi kusimamishwa. Polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walikuwa wakitengeneza mfumo wa kuendesha majalada ya kesi, wakauita Virtual Case File. Mwaka 2005 wakaachana nao baada ya kutumia kiasi cha dola milioni 170. Uingereza ilianza mpango wa kitaifa wa kompyuta za huduma ya afya mwaka 2002, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja. Lakini angalia vizuri hiyo mifano, mimi huwa hainifariji. Hapana ilitamkwa wakati mamilioni yameshalala. Bodi yoyote inaweza kuzika maiti. Kazi yako ni kupima homa.

Sasa wapi pa kukaza. Usianze na fomu. Kila katibu mpya huanza na fomu kwa kuwa ndicho kitu kilicho mikononi mwake, na mimi nilianza hapohapo; nilitoka kurasa 20 nikafika 45, nikajiona nimefanya kazi. Anza na fedha. Jiulize swali moja: siku bodi ikishapitisha mradi, fedha zinatokaje? Kama zinatoka zote kwa mkupuo, au kama zilikuwa tayari kwenye bajeti ya taasisi kabla hawajafika kwenu, basi kikao chenu ni hafla ya kutia baraka. Msimamizi anajua, wajumbe wanajua, ndiyo maana hakuna anayesoma kabrasha.

Wamarekani walilitunga hili kwa namna ninayoipenda. Mwaka 2017 walipitisha sheria ya kuunda mfuko wa kufufua mifumo iliyozeeka ya serikali kuu, wenye bodi ya watu saba. Utaratibu ulikuwa hivi: taasisi inaomba fedha kwa bodi hiyo. Ikikubaliwa haipewi zote. Inapewa fungu la kwanza, inaonyesha hatua iliyoahidi, ndipo la pili linatoka. Ikishindwa, fungu linalofuata linakaa. Hakuna haja ya mtu kusimama na kutamka "tunaufuta mradi", maneno ambayo kwa uzoefu wangu hakuna mjumbe anayetaka yaandikwe mbele ya jina lake. Wananyamaza tu na fedha hazitoki. Usidharau urahisi huo, ndugu yangu. Watu wazima hawapendi kuaibishana hadharani, na bodi ambayo njia yake pekee ya kubana ni kumwaibisha mkurugenzi mwenzao haitabana kamwe.

Kwetu hatukuwa na mfuko. Nilichofanya, baada ya kumbembeleza mtu wa bajeti miezi minane, ni kukubaliana kwamba malipo ya pili ya mradi wowote mkubwa hayaidhinishwi bila barua ya sekretarieti ya bodi. Barua ya aya mbili. Hatua ya kwanza imeonekana ikifanya kazi kwa watumiaji halisi, ndiyo au hapana. Hakuna sheria iliyobadilishwa. Baada ya mwaka mmoja wasimamizi wakaanza kunipigia wao.

Neno "ikifanya kazi" lishike sana. Taasisi zitakuletea hatua za makaratasi: ripoti ya mahitaji imekamilika, usanifu umekamilika, mafunzo yamefanyika. Asilimia 70 ya mradi imekwisha na hakuna karani hata mmoja aliyewahi kubonyeza kitu. Mimi nilikuwa nakwenda. Nakaa nyuma ya karani kwenye dawati lake, namwambia aniingizie jalada moja la kweli. Mara moja karani aliniuliza, "Mfumo upi?" Na taarifa niliyokuwa nayo mkobani ilisema upo hewani tangu miezi mitatu iliyopita.

Kuhusu wingi wa miradi, MkuuWaKitengo amekupa dawa bila kujua. Bodi yako haiwezi kuangalia 17. Iangalie minne au mitano, kwa saa nzima kila mmoja, mingine ipite kwako na kamati ndogo ya wataalamu ndani ya wiki mbili, kwa barua, bila kungoja robo mwaka. Hapo ndipo mtu kama yeye anapata faida ya kufika: jibu la haraka. Na kiwango kihesabiwe kwa mfumo mzima pamoja na miaka mitano ya kuuendesha, si kwa kila zabuni. Akigawa vipande vitatu, vikijumlishwa anarudi palepale. (Samahani, mkuu.)

Makabrasha: kurasa mbili kwa mjumbe, siku kumi za kazi kabla ya kikao. Likichelewa, mradi haumo kwenye ajenda. Mara ya kwanza utachukiwa. Nilimwondoa mkurugenzi mmoja kwenye ajenda, akampigia mwenyekiti, mwenyekiti akanipigia, nikamwambia mzee ukimruhusu huyu kesho nitakuletea ishirini. Akakaa kimya, kisha akasema "haya". Nilitetemeka mchana kutwa.

---

KatibuMpya amejibu:

Mzee, shikamoo. Nimesoma mara mbili na nimecheka penye "mfumo upi".

Kuna kitu kinanibana. Kwetu afisa masuuli wa kila taasisi ndiye anayewajibika kisheria kwa fedha zake. Bodi, kwa hadidu zake za rejea, "inashauri". Nimepima maji na mwanasheria wetu kuhusu hiyo barua ya malipo ya pili, akasema tukizuia fedha ambazo zimeshaidhinishwa kwenye bajeti ya taasisi tutakuwa tumeingilia mamlaka ya mtu. Tena mkurugenzi wa taasisi namba 5 (ya majalada) ameshaniambia usoni: "Nyie ni washauri, nashukuru kwa ushauri."

Kama bodi inashauri tu, kuna meno gani?

---

MkaguziMstaafu amejibu:

Shikamoo Mzee, na wewe Katibu salaam. Mimi nimekagua mifumo ya serikali maisha yangu yote ya kazi, na hilo la "washauri tu" nimelisikia kila mwaka.

Ushauri una meno ukiandikwa na ukasomwa na mtu wa tatu. Tazama Uholanzi. Kamati ya bunge lao ilichunguza kwa nini miradi ya kompyuta ya serikali inafeli, ikatoa ripoti mwaka 2014. Mwaka uliofuata wakaunda ofisi ndogo ya kupima miradi yenye sehemu ya TEHAMA ya kuanzia euro milioni 5. Ofisi hiyo nayo inashauri tu. Ila ushauri wake unapelekwa bungeni ukiwa na majibu ya waziri mwenye mradi. Waziri ana uhuru wa kupuuza, lakini anapuuza kwa maandishi mbele ya watu wanaomuuliza maswali. Kwa hiyo usigombane na mamlaka ya afisa masuuli, yatumie. Andika: bodi imeshauri A, kwa sababu hizi tatu, afisa masuuli ameamua B, sababu alizotoa ni hizi. Akitia saini chini ya hapo, nakala inakwenda kwa mkaguzi mkuu. Nakuhakikishia, kati ya maafisa kumi, wengi watarudi kuuliza kama A bado inawezekana.

Marekani walipitia njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 1996 ilizitaka taasisi kuchagua, kudhibiti na kutathmini uwekezaji wa teknolojia kama zinavyofanya kwa mtaji mwingine, na kuwa na ofisa mkuu wa TEHAMA. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Lakini katika taasisi nyingi ofisa huyo hakuwa na kauli kwenye bajeti, na ikabidi mwaka 2014 wapitishe sheria nyingine ya kumpa kauli hiyo. Miaka kumi na minane hapo katikati. Ukingoja sheria ibadilike utastaafu, kwa hiyo tumia karatasi ulizonazo.

Mzee ameeleza vizuri habari ya miradi, ila naona wote mnatazama mlango wa kuingilia. Nani anatazama vilivyomo ndani ya nyumba? Kwenye serikali kuu ya Marekani, matumizi ya TEHAMA ni zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka, na takriban asilimia 80 yake inakwenda kuendesha na kutunza mifumo iliyopo. Mipya ni sehemu ndogo. Sasa rudi kwenye bodi yako: ajenda ya leseni zinazojirudia kila mwaka iko wapi? Mikataba ya matengenezo? Mfumo ambao watumiaji wake wamebaki sita lakini seva tatu zinawaka usiku na mchana? Nimewahi kukuta taasisi inalipia leseni 900 ikiwa na watumishi 540. Hakuna aliyeiba. Mkataba ulisainiwa wakati walitarajia kuajiri, hawakuajiri, na kila mwaka mhasibu anahuisha kwa sababu mwaka jana alihuisha.

Kwa hiyo kabla ya kikao chako cha nne, tengeneza daftari la mifumo. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha: mfumo gani, taasisi gani, unafanya nini kwa maneno ya mtu wa kawaida, mkataba unaisha lini, unagharimu kiasi gani kwa mwaka, nani atalala njaa ukizimika. Safu hiyo ya "unafanya nini" ndiyo ingekukamatia namba 5 na namba 14 kabla ya kikao. Ukiwaachia waandike majina ya kitaalamu hutaona marudio kamwe, maana mmoja ataita "jukwaa jumuishi la rasilimali watu" na mwingine "mfumo wa kielektroniki wa masijala".

Na ukisikia mradi wa mishahara, usilale. Queensland, Australia, idara ya afya iliwasha mfumo mpya wa mishahara Machi 2010. Wauguzi na madaktari wakalipwa pungufu, wengine wakalipwa zaidi, wengine hawakulipwa kabisa. Tume ya uchunguzi ya mwaka 2013 ilikadiria gharama yote kufikia dola za Australia bilioni 1.2. Dalili zilikuwepo kabla ya kuwasha. Majaribio yalikuwa yanaonyesha kasoro. Lakini mfumo wa zamani uliogopwa kuliko mpya, na mamlaka ya kuamua yalikuwa yametawanyika kwa kamati na idara kadhaa. Hilo ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Bodi zikiwa nyingi, kila moja inadhani nyingine ndiyo iliyoangalia. Siku ya kuwasha mfumo mkubwa, jina la mtu mmoja liandikwe: huyu ndiye aliyesema upo tayari.

---

MkuuWaKitengo amejibu:

Leseni 900 kwa watu 540… nimefungua mkataba wetu sasa hivi. Sisemi kitu.

Mzee, kiwango kuhesabiwa kwa mfumo mzima na miaka mitano kinanibana, lakini mkinipa jibu ndani ya wiki mbili nakubali kubanwa. Ila sharti langu: kwenye hiyo kamati ndogo awemo angalau mtu mmoja aliyewahi kuendesha mfumo usiku wa manane ukiwa umeanguka. Tulishawahi kuhojiwa na mchumi, mwanasheria na mtu wa ununuzi. Waliuliza maswali mazuri ya ununuzi. Hakuna aliyeuliza data za mfumo wa zamani zitahamishwaje, na hapo ndipo tulipokwama miezi kumi na moja.

---

MzeeWaDokezo amejibu:

MkuuWaKitengo umesema kweli, data za zamani ndizo zinazoua. Katibu, liwe swali la kwanza kwenye zile kurasa mbili, kabla hata ya gharama.

Mkaguzi, marahaba. Kuhusu daftari, nakuunga mkono kwa tahadhari moja: usiombe taasisi zijaze. Mimi niliomba, nikapata majibu ya taasisi tisa kwa mwaka mzima. Nenda kwenye vocha za malipo. Chochote kinacholipiwa kila mwaka kwa jina la leseni, matengenezo au huduma ya mtandao ni mfumo, wawe wameukumbuka au hawajaukumbuka.

---

KatibuMpya amejibu:

Nimerudi, samahani kwa ukimya wa wiki mbili.

Vocha zimenipa mifumo 112. Taasisi zenyewe zilikuwa zimeorodhesha 64. Nimekaa na kijana mmoja wa uhasibu jioni sita mfululizo, na kwenye safu ya "unafanya nini" tumeandika kama tunamweleza mtu wa nyumbani. Kutunza majalada ya watumishi: mifumo minne. Si miwili, minne, ukihesabu ile miwili tuliyoipitisha.

Nimeandika dokezo la kurasa mbili kwa mwenyekiti. Aya ya kwanza ni hiyo minne, na gharama zake kwa mwaka zikiwa zimejumlishwa. Sikulaumu mtu. Nimependekeza namba 5 na namba 14 zisitie saini mikataba hadi bodi ikae, na kama afisa masuuli anataka kuendelea, aandike sababu kama MkaguziMstaafu alivyoeleza. Mwanasheria ameisoma mara tatu akitafuta kosa, mwisho akarekebisha koma moja.

Yule wa "nashukuru kwa ushauri" amenipigia leo saa nne asubuhi. Anauliza kama taasisi namba 14 wameshalipa malipo ya awali, na kama hawajalipa, kwa nini wasikae pamoja. Nimempa namba ya mwenzake.

Swali dogo kwa Mzee: ile barua yako ya aya mbili ya malipo ya pili, aya ya pili ilisemaje?